Kizimba cha Shingoni na Swali Lililokaa Mbele ya Foleni

Kizimba kilichotangulia hivi vinavyowekwa leo katikati ya pingili za uti wa mgongo wa binadamu kilitengenezwa kwa ajili ya farasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, George Bagby, daktari wa mifupa wa mji wa Spokane nchini Marekani, alishirikiana na madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kutafuta tiba ya farasi wanaopepesuka. Pingili za shingo za wanyama hao hubana ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo, na miguu ya nyuma ikakosa amri. Farasi hutembea kama mlevi. Bagby akabuni kikapu cha chuma kisichoshika kutu, chenye matundu kila upande. Kilijazwa chembe za mfupa zilizotoka kwenye tundu lililochimbwa papo hapo, kisha kikagongomelewa katikati ya pingili mbili. Kwa kuwa kilikuwa kinene kidogo kuliko tundu lake, kano za pembeni zilivutika na kukikaba kisicheze, na mfupa ukamea ukipenya matundu yake mpaka pingili mbili zikawa moja.

Seattle Slew, farasi aliyetwaa mataji yote matatu makuu ya mbio za Marekani mwaka 1977, aliwekewa kikapu hicho shingoni mwaka 2000 alipoanza kuyumba uzeeni. Akarudi kwenye kazi yake ya kuzalisha. Mwaka 2002 akapasuliwa shingo tena, na akafa Mei 7 mwaka huohuo, miaka 25 kamili tangu siku aliyoshinda Kentucky Derby, mojawapo ya mbio hizo tatu.

Naanza na farasi kwa makusudi. Farasi hasomewi kipeperushi, wala haambiwi kwamba kizimba chake ni cha kizazi kipya. Alipimwa kwa jambo moja tu: anatembea, au bado anapepesuka? Kwa binadamu mizani hiyo imepotea njiani. Mtu mwenye diski iliyochomoka shingoni hutoka kwa daktari akiwa na swali moja kichwani, kizimba cha titani au cha plastiki, na usiku kucha analisaka mtandaoni. Si swali la kipuuzi. Ila limekaa mbele ya foleni wakati mahali pake ni nyuma, na waliolisogeza mbele si wagonjwa.

Tuangalie kwanza kinachouma. Shingo ina pingili 7, na kuanzia ya pili kushuka chini zimetenganishwa na diski: nje ni duara la nyuzi ngumu, ndani ni ute mzito. Nyuzi zikichanika, ute husukumwa nje na kuikuta neva inayotoka pembeni kuelekea mkononi. Mara nyingi hutokea kati ya pingili ya 5 na ya 6, au ya 6 na ya 7. Neva hubanwa, na juu ya kubanwa huwashwa na kemikali za ute huo, ndiyo maana diski ndogo yaweza kumliza mtu mzima na diski kubwa ikamwacha mwingine analala fofofo. Maumivu hushuka begani, mkononi, hadi vidoleni. Aliyeguswa neva ya 7 atalalamikia ganzi ya kidole cha kati, na akisukuma mlango mzito atashangaa msuli wa nyuma ya mkono umemgeuka.

Upasuaji hupitia mbele ya koo, jambo linalowashtua wengi. Daktari hukata ngozi sentimita chache, akasogeza upande mmoja mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani, upande wa pili bomba la hewa pamoja na umio, naye akafika kwenye pingili karibu bila kukata msuli wowote. Huitoa diski kipande kwa kipande, kwa msaada wa hadubini, mpaka aione neva ikiwa huru. Hapo kilichokuwa kinauma kimeondolewa. Wapo wengi wanaozinduka kutoka kwenye nusukaputi na maumivu ya mkono yameshakwenda, siku hiyohiyo, wakati ambapo mfupa haujaanza hata kuota. Hakuna kizimba kinachofanya kazi kwa kasi hiyo.

Kinachobaki ni pengo, na kizimba kinaingia kwa sababu ya pengo. Pingili zikiachwa zikalaliane, tundu linalopitisha neva hupungua tena, na shingo huelekea kuinamia mbele. Basi huwekwa kijisanduku chenye uwazi katikati, upana wake hauzidi sana ukucha wa kidole gumba, kimo chake kwa kawaida milimita 5 hadi 8. Mara nyingi mbele yake hufungwa bamba jembamba la chuma na skrubu. Vizimba vingine vimebuniwa na skrubu zake ndani ili bamba lisihitajike. Neno lenyewe, kizimba, linapotosha kidogo. Mtu hulisikia akawaza kuku, au mshtakiwa mahakamani, akadhani kuna kitu shingoni kimefungiwa maisha. Mafundi ujenzi wana neno linalofaa zaidi: mirunda, zile nguzo zinazobeba zege mpaka likauke. Zege ni mfupa. Tofauti ni kwamba hapa mirunda haiondolewi zege likishakauka.

Na hilo la kuunganisha pingili halikuanza kwa makubaliano. Mwaka 1958 zilichapishwa njia mbili za kupitia mbele ya shingo. George Smith na Robert Robinson wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, waliokuwa wametoa taarifa ya awali mwaka 1955, walitoa diski na kuweka kipande cha mfupa wa nyonga chenye umbo la kwato, wakiamini kwamba pingili zikishatulia, hata vinundu vya mfupa vinavyoichokoza neva vitanywea vyenyewe. Ralph Cloward wa Honolulu alitoboa tundu la mviringo, akaenda hadi kwenye neva na kuondoa kila kinachoibana, kisha akaziba kwa kigingi cha mfupa. Kwa wale wawili dawa ilikuwa utulivu. Kwa huyu dawa ilikuwa nafasi. Wapasuaji wa leo hutumia umbo la kipandikizi cha Smith na Robinson, lakini kazi ya kuachia neva wanaifanya kama Cloward. Ndoa hiyo imezaa mkanganyiko mmoja wa kudumu: mgonjwa akipona, sifa anapewa kizimba.

Ushahidi hauikubali sifa hiyo kirahisi. Kuna wapasuaji waliotoa diski na kuliacha pengo wazi, bila mfupa wala sanduku, na maumivu ya mkono yakapoa kwa kiwango kinachokaribiana na cha waliowekewa kipandikizi. Pingili nyingi za wagonjwa hao hata ziliungana zenyewe, ingawa kwa kulaliana, na shingo ikalipia kwa kuuma zaidi mwanzoni na kuinama kidogo. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2011 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yakilinganisha mbinu hizi kwa diski moja au mbili, hayakupata mbinu inayoziacha nyingine mbali kwa faida anayoihisi mgonjwa. Sisemi kwamba vizimba vitupwe. Mimi mwenyewe ningekubali kuwekewa, hasa kwa sababu ya mpangilio wa shingo. Nasema tu kwamba kinacholinda matokeo kisidhaniwe kuwa ndicho kinachoyaleta.

Hoja iliyo bora kuliko zote ya kukitetea kizimba ni nyonga. Kwa miongo kadhaa mfupa wa kujazia pengo ulichimbwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Uliunganisha vizuri, na kwa ubora wa kibaiolojia haujapata mpinzani wa kweli mpaka leo. Lakini mtu alikuja na ugonjwa wa shingo akaondoka na kidonda cha nyonga. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, uliowafuatilia watu waliounganishwa pingili kwa diski moja, ulikuta kwamba miaka kama 4 baadaye takriban robo yao bado walikuwa na maumivu pale ulipochukuliwa mfupa. Wengine shingo walishaisahau. Kizimba kilichojazwa chembe za mfupa zilizokusanywa wakati wa upasuaji uleule, au mfupa uliotolewa na watu wengine, kiliufuta mzigo huo. Kwa hilo peke yake kimestahili kuwepo.

Sasa tuje kwenye titani na plastiki, maana najua wapo walioruka aya zote kulifuata hili.

Ugumu wa kitu hupimwa kwa gigapaskali, yaani kiasi kinavyokataa kunepa. Aloi ya titani ina karibu 110. Mfupa mgumu wa nje una kama 15 hadi 20, na ule wa ndani wenye vijitundu kama sifongo hauifikii hata 1. Plastiki ya PEEK ina 3 hadi 4. Kutokana na tarakimu hizo ilijengwa hadithi tamu: titani ni ngumu mno, itazama kwenye pingili kama kisigino chembamba kwenye udongo laini, na inabeba mzigo wote hivyo kuunyima mfupa mpya msukumo unaouhitaji ili ukue. PEEK inanepa kama mfupa, kwa hiyo PEEK ni rafiki. Ikaongezwa sifa nyingine, ya kweli kabisa: miale ya eksirei hupita ndani yake, hivyo daktari aweza kuona kama mfupa unaota katikati, wakati titani huweka kivuli na kuchafua picha za CT na MRI.

Miaka michache baadaye hadithi ikageuka. Ilionekana kwamba mfupa haushikani na PEEK. Huikaribia, kisha kati yao hujitengeneza utando mwembamba wa nyuzi, kana kwamba mwili umekubali kuishi na mgeni ila umekataa kumpa mkono. Titani yenye uso mkwaruzo hushikwa na mfupa moja kwa moja. Basi ikaja PEEK iliyopakwa titani. Ikaja titani iliyochapwa kwa printa ya 3D, yenye vijitundu mwili mzima, ambayo hunepa zaidi na kuacha miale mingi zaidi ya eksirei ipite. Kila badiliko lilikuja na maelezo yaliyopangika vizuri, na kila mara yaliyotangulia yalikuwa yamepangika vizuri vilevile.

Ukikaa na madaktari wanaofanya kazi hii kila wiki, wakiwa wamevua koti la mkutanoni, utasikia mambo mengine kuhusu kwa nini kizimba huzama. Utasikia kwamba aliyekwangua uso wa pingili kupita kiasi, akaling'oa gamba gumu na kufikia sifongo, ameshakizamisha kabla hajakiweka. Utasikia kwamba kizimba kirefu mno, kilichogongomelewa ili picha ionekane nzuri, kitashuka kutafuta kimo chake halisi. Kwamba kizimba chembamba kinachokaa katikati tu hukosa kingo za pingili, ambako mfupa ni imara. Kwamba mwanamke wa miaka 70 mwenye mifupa iliyokonda si sawa na kijana wa miaka 35. Halafu watanyamaza kidogo na kuongeza kwamba wapo wengi ambao kizimba kilishuka milimita 2 au 3 na hawakuhisi chochote. Aina ya malighafi imo kwenye orodha hiyo, lakini si ya kwanza.

Kwa nini basi ndiyo inayozungumzwa? Kwa sababu ndiyo inayouzika. Mkono wa daktari hauna hakimiliki, na uzito wa mifupa ya mgonjwa hauwekwi kwenye katalogi. Na utaratibu wa kuruhusu vifaa umesaidia. Marekani, ambako soko hili limekulia, vizimba vinavyotumika pamoja na mfupa wa mgonjwa vilishushwa daraja la uangalizi mwaka 2007. Tangu hapo kampuni yenye kizimba kipya kwa kawaida hupita njia ya kuonyesha kwamba chake kinafanana vya kutosha na kilichokwisha kuruhusiwa. Hailazimiki kuonyesha kwamba wagonjwa wake wanaumwa kidogo zaidi. Angalia jambo hili lilivyo la kuchekesha: mbele ya mamlaka kifaa husifiwa kwa kutokuwa na jipya, mbele ya mpasuaji husifiwa kwa kuwa kipya kabisa. Ni kifaa kilekile.

Si kila haraka huishia kwenye kicheko. Protini ya kuotesha mfupa, BMP-2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2002 kwa pingili za kiuno pamoja na kizimba chake maalumu. Wapasuaji wakaihamishia shingoni kwa hiari yao, kwa kuwa kiunoni iliotesha mfupa vizuri. Shingoni ikavimbisha nyama laini zilizo karibu na njia ya hewa. Julai 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ikatoa tahadhari kuhusu uvimbe uliohatarisha maisha, uliowafanya baadhi ya wagonjwa kuhitaji kuwekewa mpira wa kupumulia au kutobolewa koo. Kitu kilekile, juu zaidi kwenye uti wa mgongo, kikawa hatari.

Maswali ninayotaka yasogee mbele ya foleni ni mawili, na la kwanza ni kama diski iliyoonekana kwenye picha ndiyo inayouma. Nchini Japani watu 1,211 wasio na dalili zozote za shingo walipigwa MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: asilimia 87.6 walikuwa na diski zilizovimba kutoka nje ya mstari wake. Hata walio katika miaka ya 20 walikuwa wengi wao hivyo. Kwa hiyo ripoti inayosema diski imetokeza haijasema mengi bado. Lazima maumivu, ganzi na udhaifu wa msuli vifuate njia ya neva ileile iliyoguswa kwenye picha. Shingo inayouma tu, bila mkono, ni kesi dhaifu sana ya kuingia chumba cha upasuaji, na nadhani hapo ndipo wagonjwa wengi wasioridhika hutokea.

La pili ni muda. Katika uchunguzi maarufu wa wakazi wa Rochester, Minnesota, uliochapishwa mwaka 1994, watu waliobanwa neva ya shingo walifuatiliwa kwa miaka, na takriban 90 kati ya kila 100 walikuwa hawana dalili au wana usumbufu mdogo tu walipoangaliwa mwishoni. Karibu robo ndio waliopasuliwa. Huko Sweden wagonjwa 81 wa maumivu ya muda mrefu waligawanywa kwa kura: upasuaji, fiziotherapia, au kola ya shingo. Baada ya miezi michache waliopasuliwa walikuwa mbele. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa imeyeyuka. Ute uliochomoka una tabia ya kunyauka na kunyonywa na mwili, na kadiri ulivyotoka nje zaidi ndivyo unavyoelekea kupotea. Miezi michache ya kupata usingizi kwa dawa na mazoezi ni mirefu kwa anayeumwa, sibishani na hilo. Na mwenye maumivu yasiyovumilika ana haki ya kununua muda huo kwa kisu, mradi ajue kwamba ni muda anaoununua.

Kuna kundi ambalo hili haliwahusu, na kulichanganya na wengine ni kosa la hatari. Diski ikiwa inabana ugwe mgongo wenyewe, si neva ya pembeni, dalili huwa za hila: vifungo vya shati vinakuwa vigumu kufunga, mwandiko unabadilika, miguu inakuwa mizito na hatua hazina uhakika. Ni ugonjwa wa farasi wa Bagby kwa binadamu. Maumivu yanaweza yasiwepo kabisa. Hapo kusubiri kunaweza kugharimu kisichorudi, na udhaifu wa msuli unaozidi siku hadi siku uko karibu na kundi hilo.

Gharama za upasuaji wenyewe kwa mwili hazitishi sana zikilinganishwa na upasuaji mwingine wa mgongo. Kumeza kwa shida kwa siku au wiki kadhaa ni jambo la kawaida. Sauti huweza kukauka, mara nyingi kwa muda, kwa sababu neva ya zoloto husukumwa njiani. Kugeuza kichwa hakuathiriki kiasi ambacho watu huogopa, maana karibu nusu ya mzunguko wa shingo hufanyika kati ya pingili mbili za juu kabisa, ambazo hazihusiki. Kinachojadiliwa zaidi ni majirani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1999 ulikuta dalili mpya kwenye diski za jirani kwa kiwango cha asilimia 2.9 ya wagonjwa kila mwaka, na ukakadiria kwamba ndani ya miaka 10 robo wangekuwa nazo. Je, ni kwa sababu pingili zilizounganishwa zinawatwika jirani mzigo, au ni shingo ileile inayoendelea kuzeeka? Bishano hilo ndilo lililouza diski bandia zinazocheza, ya kwanza ya shingo ikiruhusiwa Marekani mwaka 2007. Kwa mgonjwa anayefaa ni chaguo la heshima, na ni mada ya siku nyingine.

Ajabu ni kwamba jambo lenye nguvu kubwa kuliko rangi na jina la kizimba halina muuzaji. Ni sigara. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu na kuchelewesha mfupa kuota, na wavutaji hushindwa kuunganika mara nyingi zaidi. Mgonjwa aliyetumia wiki mbili kulinganisha titani na PEEK huku akivuta paketi moja kwa siku amelinganisha kitu kisicho sahihi, na daktari asiyemwambia hivyo waziwazi amemwangusha.

Baada ya mwaka mmoja mgonjwa huitwa kwa picha. Huinamisha shingo, hupigwa eksirei. Huinua kidevu, hupigwa tena. Ikiwa kizimba ni cha PEEK hakitaonekana. Yataonekana madoa madogo ya tantali, chuma kilichopachikwa kwenye pembe zake ili daktari ajue kipo wapi, yakielea peke yake katikati ya pingili. Wengine mfupa utakuwa umejaa kati ya madoa hayo, umeshikana sawasawa, na bado wamekaa wakikanda bega. Wengine mfupa haukushikana. Madoa yanasogea kidogo kati ya picha ya kwanza na ya pili, na mwenyewe amekuja kwa sababu tu tarehe ilikuwa imeandikwa kwenye kadi. Anauliza kama anaweza kuondoka, ana kazi inamsubiri.